Lenzi ya 85 au 70–200: ipi ubebe ukienda kupiga picha za ngoma na dansi Dar

Wapiga picha vijana wanaoanza kuvutwa na ngoma huwa na swali moja: fedha ikitosha lenzi moja tu, mtu anunue 85 ya f/1.8 au ajibane hadi apate 70–200 ya f/2.8? (Namba ya kwanza ni milimita: ikiwa kubwa, lenzi inavuta vya mbali karibu zaidi, na 70–200 inavuta kutoka 70 hadi 200. Namba ya f ni uwazi wa lenzi: ikiwa ndogo, mwanga mwingi zaidi unaingia.) Hapa mjini jibu lililozoeleka limetoka kwa wapiga picha wa harusi, kwamba 70–200 ndiyo lenzi ya kazi na asiyekuwa nayo bado hajaanza. Kwa harusi sibishani nao. Kwa watu wanaocheza nina jibu tofauti, na sababu yake haipo kwenye ubora wa kioo. Lenzi uliyobeba ndiyo inayokupangia pa kusimama, na pale uliposimama ndipo panapoamua utaiona ngoma ipi: ya nyayo, jasho na macho, au ya mistari na mpangilio wa kundi zima.

Nazungumzia kamera yenye sensa kubwa (full frame), sensa ikiwa ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga. Kama yako ni ya sensa ndogo, kama zilivyo nyingi tunazoanzia, basi kila nikisema 85 wewe soma 50 ya f/1.8. Kazi yake itakuwa karibu ileile, na ndiyo lenzi ya bei nafuu kuliko zote zilizotajwa humu.

Mwanga

Kumbi nyingi zinazochezewa dansi Dar hazina taa za kutosha, na hata zenye taa nyingi huwa zimepangwa kwa ajili ya jicho la mtazamaji, si kwa ajili ya kamera. Uwazi wa f/1.8 unapitisha mwanga karibu mara mbili na nusu ya f/2.8. Chukulia uko ukumbini, ISO, yaani wepesi wa sensa kupokea mwanga, umeshaipandisha hadi 6400 na hutaki kwenda juu zaidi, na 70–200 inakupa kasi ya shata ya 1/200 ya sekunde. Kwa mwanga uleule 85 itakupa karibu 1/500. Kwenye 1/200 uso wa mchezaji utatulia, lakini mkono unaorushwa na unyayo unaopiga sakafu utafifia, hata kama hukutaka. Kwenye 1/500 hata anayeruka anatulia, hasa ukimpata kileleni, pale mwili umemaliza kupanda na haujaanza kushuka.

Muuzaji atakuambia 70–200 ina kizuia mtikisiko. Ni kweli inacho, na kinasaidia sana ukimpiga picha mgeni rasmi aliyesimama kwenye maikrofoni. Lakini kizuia mtikisiko kinatuliza mkono wako. Hakimtulizi mcheza sindimba.

Uwazi mkubwa nao una gharama yake. Ukiwa kwenye f/1.8, mchezaji akiwa mita 5 kutoka kwako, sehemu iliyo kwenye fokasi ina kina cha sentimita 37 hivi. Mtu mmoja anaenea, ila akinyoosha mkono kuja kwako, kiganja kinatoka nje ya fokasi. Wawili wakipishana hatua moja, mmoja anafifia. Kwa upande wa pili, 70–200 ikivutwa hadi 200 kwenye f/2.8 kutoka mita 15 inakupa kina cha karibu mita nzima. Kwa hiyo koreografa wa dansi ya kisasa akikuomba picha za wachezaji wawili wanaobebana, na anataka nyuso zote mbili zisomeke, 85 itakulazimu ufunge uwazi hadi f/2.8 au f/4, na hapo faida yake ya mwanga imekwisha. Jambo hili wanaoisifia 85 hawalisemi, na ni vizuri ulijue kabla hujatoa fedha.

Kuna tofauti nyingine ndogo ambayo kwa ngozi zetu ina uzito. Kipima mwanga cha kamera kinatamani kila fremu iwe kijivu cha kati. Jukwaa likiwa jeusi, kamera inaona giza na kuongeza mwanga, na paji la uso la mchezaji linaungua likawa doa jeupe. Ukiwa na lenzi ya kuvuta tatizo linakuwa kubwa zaidi: ukiwa kwenye 70 jeusi limejaa fremu, ukivuta hadi 200 mwili wa mchezaji umeijaza, na kamera inabadili mawazo kila unapozungusha pete. Weka kila kitu kwa mkono: pima kwenye ngozi iliyopigwa na taa, kisha usiguse mpaka taa zibadilike. Ngozi nyeusi chini ya taa ya pembeni ina mng'ao mzuri sana kwenye bega na kwenye shavu. Huo mng'ao ndio wa kuulinda, vivuli viache viwe vivuli.

Pa kusimama

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Ukiishika 85 wima, mita 7 kutoka kwa mchezaji, fremu ina urefu wa karibu mita 3. Mtu mzima aliyeinua mikono anaenea, na nafasi ya kuruka imebaki juu ya vidole. Sogea hadi mita 5, urefu unabaki mita 2 na kidogo, na lazima kitu kikatwe. Wanaoanza hukata miguu kwa sababu macho yao yako usoni. Mcheza ngoma aliyekatwa miguu amenyimwa nusu ya kazi yake, tena nusu aliyoifanyia mazoezi zaidi. Kama huna budi kukata, kata juu ya goti na ufanye picha iwe ya kiwiliwili na uso, mtazamaji ajue umekusudia.

Kwa 70–200, ukiwa mita 15 na kamera umeilaza, kwenye 70 unapata upana wa karibu mita 8, na ukivuta hadi 200 unabaki na chini ya mita 3. Kundi zima na mtu mmoja, bila kunyanyua mguu. Ukumbini ambako umepewa kiti na mlinzi hataki kukuona ukizunguka, hiyo ni neema.

Sasa tazama ngoma zenyewe, maana ndizo zinazochagua.

Bugobogobo ya Wasukuma ina majembe. Yanazungushwa, yanarushwa, yanadakwa. Hutaki kusimama mita 5 kutoka hapo, na hata ungeruhusiwa ungekosa uzuri wake, ambao ni mstari mzima wa watu kufanya jambo moja kwa pigo moja. Hii ni ngoma ya 70–200. Vilevile mganda wa mwambao wa Ziwa Nyasa, wenye safu na mwendo ulioigwa kwenye gwaride la askari wa zama za ukoloni. Piga magoti mbele ya safu, vuta hadi 200, safu zinasogeleana na unapata msitu wa magoti yaliyoinuka pamoja. Wakiwa wamevaa nyeupe, kipima mwanga kitakosea kwa upande mwingine na kuwatia giza, kwa hiyo ongeza mwanga kidogo.

Sindimba ya Wamakonde nimeona ikipigwa picha kutoka mbele mara nyingi mno. Kiuno kinachotikisika hakionekani kutoka mbele. Kinaonekana kutoka ubavuni, chini kidogo, kwa ukaribu, ambapo kitambaa kilichofungwa kiunoni kinabaki nyuma ya mwili kwa sehemu ya sekunde. Hapo beba 85. Ngoma za wanawake wa Wagogo, wanaoibana ngoma kati ya mapaja huku wakiipiga na kuimba, zinataka 85 pia, kwa sababu kinachotokea ni kati ya mikono na macho yao, na umbali unaliua jambo hilo. Mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, ambapo uso wa mchezaji umefichwa kabisa na kinyago, picha nzuri mara nyingi iko kwenye pengo kati ya kinyago na watoto wanaorudi nyuma kwa hofu na kicheko. Hiyo utaipata ukiwa karibu, na pengine hata 85 ni ndefu.

Mdundiko wa Wazaramo hautaki lenzi yoyote kati ya hizi mbili. Mdundiko unatembea. Unaanza kona moja unaishia mtaa mwingine, na wewe umo ndani ya watu. Chukua 35 au ile lenzi ndogo iliyokuja na kamera, kwani mchana mwanga upo wa kutosha. Singeli ya uswahilini nayo iko hivyo, isipokuwa ni usiku na mwanga wake ni taa za spika na za simu.

Ngoma ya duara ina wenyewe. Kabla ya kusogea na 85, mtafute manju au mzee anayeongoza kundi, msalimie kwa shikamoo, umwambie unataka kusimama upande gani na picha ni za kazi gani. Atakuambia pia jambo ambalo hakuna lenzi itakayokuambia: wimbo upi ndio wenye mruko, mchezaji gani anatoka katikati, nani hapendi kupigwa picha. Wacheza ngoma wakikujua hukupa uso. Wasipokujua hukupa mgongo, na wana haki.

Kwenye bendi za muziki wa dansi na kwenye taarabu kuna kutunza. Wimbo ukikolea, watu wananyanyuka na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji au wanenguaji, na aliyejipanga nyuma na 70–200 anabaki na picha za visogo na vilemba. Aliye mbele na 85 ndio kwanza ameingia kwenye picha ya maana: mkono wenye noti, mnenguaji anayeendelea kunengua huku akiipokea, mtoaji naye ameanza kucheza. Kwa kazi za namna hii sioni sababu ya kuifikiria lenzi ya kuvuta.

Ndani ya ukumbi

Little Theatre pale Oysterbay na Alliance Française ya Upanga si kumbi kubwa. Nafasi Art Space, kule Mikocheni kwenye studio za makontena, mtazamaji huweza kukaa karibu sana na mchezaji. Sehemu kama hizi 85 inatosha, na safu ya pili au ya tatu ya viti inakuweka kwenye umbali unaoutaka. Kwenye kumbi kubwa za mikutano, kama ule wa Mlimani City, jukwaa liko mbali, meza za wageni ziko mbele, na mpiga picha anaambiwa abaki pembeni. Hapo 85 itakupa picha ya jukwaa tupu lenye watu wadogo katikati. Anayesafiri kwenda tamasha la Bagamoyo naye abebe 70–200 kama anaweza kuipata.

Ukiwa karibu kuna deni: kelele. Kamera yenye kioo cha ndani kinachonyanyuka (DSLR) inalia kila unapobonyeza, na kwenye dansi ya kisasa kuna dakika ambazo muziki umezimwa makusudi na kinachosikika ni pumzi za wachezaji tu. Mlio wako kwenye safu ya pili unaharibu dakika hiyo kwa ukumbi mzima. Kamera isiyo na kioo hicho (mirrorless) inaweza kupiga kimya kwa shata ya kielektroniki, lakini shata hiyo ina matatizo mawili. Taa za LED zinawaka na kuzima kwa kasi isiyoonekana kwa macho, na kamera inaichora picha mstari kwa mstari, kwa hiyo unaletewa mikanda ya giza na mwanga kwenye ngozi ya mchezaji. Pili, kinachokwenda kasi sana, kama fimbo ya ngoma, kinapinda. Shata ya kawaida inapunguza yote mawili. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa za kawaida zinazoutegemea hupepesa mara 100 kwa sekunde, na kasi ya 1/100 au 1/50 huwa salama kwake. Lakini kwa 1/100 huwezi kumtuliza anayeruka. Ndiyo maana mtu wa taa ni rafiki wa kutafutwa mapema: muulize taa zipi ni za LED na zipi anazipunguza, kisha jaribu kwenye mazoezi.

Kamera ya aliye nyuma na 70–200 hailii sana masikioni mwa watu, na hilo ni jambo la heshima.

Flashi sitaijadili. Inaua taa iliyopangwa na inampofusha mtu aliye hewani. Iache nyumbani.

Mazoezi au usiku wenyewe

Mazoezi ya mwisho, yale ya mavazi kamili na taa kamili, yanaubadilisha ulinganisho wote. Hakuna watazamaji, unaweza kusimama ukingoni mwa jukwaa, kupiga magoti, hata kumwomba mchezaji arudie mruko. Kwenye mazoezi 85 ni mfalme. Usiku wenyewe ukifika, umeshajua dansi, na unaweza kukaa nyuma na lenzi ya kuvuta kwa ajili ya kundi zima na kwa ajili ya kile ambacho mazoezi hayana: watazamaji, na mchezaji anayejua anatazamwa.

Si jambo geni. Barbara Morgan, aliyempiga picha mcheza dansi Martha Graham kule Marekani miaka ya 1930, hakutegemea usiku wa maonyesho. Alifanya kazi na wachezaji studioni, wakachagua pamoja mwendo unaobeba dansi nzima. Katika miaka hiyohiyo mpiga picha Alexey Brodovitch aliwafuata wacheza baleti wa Kirusi mjini New York na kamera ndogo ya filamu, bila flashi, akakubali kila kitu kififie, na picha zake zinatetemeka kama muziki wenyewe. Nawataja wote wawili kwa sababu vijana wengi wanadhani picha ya dansi lazima igande. Ukishusha shata hadi 1/30 na kumfuata mnenguaji kwa kamera, uso unaweza kutulia na mikono ikawa moshi. Kwa kazi hiyo 85 ni nyepesi mkononi na inageuka haraka. 70–200 inakutaka uwe na monopodi (mguu mmoja wa kushikilia kamera), na monopodi inaufunga mwili wako, nawe pia unatakiwa kucheza kidogo ili umfuate anayecheza.

Uzito na joto la Dar

85 ya f/1.8 kwa kawaida haifiki nusu kilo. 70–200 ya f/2.8 ni kilo moja hadi moja na nusu, nyingine nyeupe kabisa, na inaonekana kutoka upande wa pili wa barabara. Ukirudi saa 5 usiku kwa bodaboda au ukisubiri daladala, hilo si jambo dogo.

Na unyevu. Ukitoka kwenye ukumbi wenye kiyoyozi kikali kwenda uwanjani, kioo kinaingia ukungu papo hapo. Lenzi kubwa inachukua muda mrefu zaidi kupata joto la nje. Iache ndani ya begi lililofungwa kwa robo saa kabla ya kuitoa, au usiitoe kabisa.

Kwa ngoma za mchana, kama zile za Kijiji cha Makumbusho, f/1.8 haikusaidii chochote, mwanga umejaa. Kinachokusumbua ni jua la utosini, ambalo mwanzoni mwa Machi na katikati ya Oktoba linakuwa juu kabisa ya kichwa na kuyajaza macho ya wachezaji vivuli. Liombe kundi licheze jioni. Ila kumbuka machweo yetu hayasubiri: mwaka mzima jua linazama baada ya saa 12 na kabla ya saa 1, na giza linafuata mara moja. Nusu saa ya mwisho, mwanga unaposhuka kila dakika, mwenye 85 anaendelea kupiga wakati mwenye 70–200 ameanza kuzungusha ISO.

Ninavyochagua

Ukiniambia unataka kupiga picha za ngoma na dansi kwa sababu unaipenda, nunua 85 kwanza, au 50 kama sensa yako ni ndogo. Itakufundisha kusogea, kuomba ruhusa, kuwajua wachezaji kwa majina, na kusubiri pigo badala ya kubonyeza mfululizo. Ukipata kazi ya tamasha au ya ukumbi mkubwa, kodi 70–200 kwa siku hiyo na uweke gharama yake kwenye bei unayomtajia mteja. Ukiniambia tayari unalipwa na taasisi zinazotaka kundi zima, bango na mgeni rasmi kwenye fremu moja, nitakubaliana nawe ukianza na 70–200, ingawa nitakusihi uende kwenye mazoezi ukiwa na kitu kifupi zaidi.

Yule anayefikiria 70–200 ya f/4 kwa sababu ni nyepesi na nafuu: kwa mchana ni nzuri sana. Kwa usiku wa Dar, hapana. Inakupa nusu ya mwanga wa f/2.8, na tulishaona f/2.8 yenyewe inavyohangaika.

Ukinunua iliyotumika, Kariakoo au kwa mtu, nenda na tochi ya simu. Fungua uwazi wote, mulika kutoka nyuma, tazama ndani ya kioo kwa pembe. Nyuzinyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na kwenye unyevu wa mji huu hukua haraka na inaweza kuhamia kwenye lenzi zako nyingine. Usikubali maneno kwamba itasafishwa. Kisha weka kwenye f/1.8 au f/2.8, mpige picha muuzaji mwenyewe akitembea kuja kwako, ukuze picha kwenye skrini, uangalie jicho. Fokasi ikichelewa kwa mtu anayetembea tu, kwa anayecheza haitafika kabisa, nawe tafuta lenzi nyingine.